Usaili Mbele ya Bwana Uliopita

Usiku wa jana, baada ya kukilaani kitabu cha Kiingereza, sura ya wakati uliopita na hali timilifu, mpaka usingizi ukanishika, niliota nimesimama kwenye ushoroba wenye milango mingi. Leo saa nne nina usaili wa kazi ya mapokezi hotelini. Mara mbili nimeangushwa kwenye usaili huo na Kiingereza kilekile: sijui lini jambo limekwisha na lini lingali lipo. Hasira nilizolala nazo sitaki kusimulia.

Mlango wa kwanza unalindwa na mzee aliyejivika makufuli shingoni. "Mimi Bwana Uliopita," anasema. "Kilichokwisha nakifungia."

Pembeni yake mama mnene anapepea jiko la mkaa. "Mimi Bi Timilifu. Jambo likipita kwangu, lazima matokeo yake yaonekane hapa hapa."

"Shikamooni," nasema.

"Marahaba," yanaitikia makufuli.

"Haya, sema sentensi," anaamuru mzee.

Nasema kwa Kiingereza kwamba nimemwona Kasembe jana, kama tunavyosema nyumbani. Papo hapo jirani yangu Kasembe anatokea, amekwama mlangoni, nusu ndani, nusu nje.

"Mwatumu, amua," ananiambia kwa upole. "Nipo au nilishakwenda zangu? Wali unapoa."

"Umetaja jana," anasema Bwana Uliopita. "Mwenye jana ni mimi."

Narekebisha: nilimwona. Kasembe anavutwa nje, anashukuru, mlango unafungwa.

Sasa nasema nimevunjika mkono, bila kutaja siku. Mkono unajaa plasta mpaka begani. "Si umesema mwenyewe?" anasema Bi Timilifu, wala hageuki. Naongeza haraka kwamba nilivunjika nikiwa darasa la tatu, plasta yote inapukutika sakafuni. Nasema nimepika maandazi. Yanatokea, ya moto, yananukia iliki. Nakula mawili huku nacheka. Kumbe Kiingereza nacho kina adabu zake!

Nikimeza, ushoroba umekuwa ukumbi wa hoteli na makufuli yote yamevaa tai. Bwana Uliopita ameshika kufuli kubwa kuliko yote, nalo limeachama.

"Swali la mwisho," anasema. "Umefaulu usaili wa hoteli?"

Kufuli linalamba midomo. Nikijibu hapana, mlango huu nitafungiwa maisha. Na kazi hii naitaka kweli.

Ukweli ni kwamba mara zote mbili sikufaulu. Lakini kwetu mtu akiulizwa jambo analolitumainia hajibu hapana. Huko ni kujitabiria. Shangazi yangu Mwanaidi ana miaka sabini na hajaolewa. Ukimuuliza kama ameolewa, anakujibu "Bado," huku anapaka wanja.

"Bado," nasema. Halafu nasema na kwa Kiingereza, kwa sauti ya shangazi.

Kufuli linauma, linashindwa. "Kuna mguu mlangoni," linalalamika.

"Wa nani?" anauliza mzee.

"Wa Bado."

"Mwambie autoe."

"Nimemwambia. Anasema bado."

Bwana Uliopita anafikiri, kisha anavua makufuli yote shingoni na kunipigia saluti. Bi Timilifu anatupa kipepeo chake cha jiko, anapiga vigelegele mpaka vioo vya ukumbi vinatikisika. Nimeshinda! Siku siitaji, nisije nikafungiwa.

Nikaamka. Kumekucha, na mtu anabisha hodi kwa fujo. Nilipofungua, alikuwa jirani yangu Mama Shekue, kanga kaifunga upande.

"Mwatumu, wewe si unaishi peke yako?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa nani kapiga vigelegele humu ndani? Mtaa mzima tumeamka. Kazi ya hoteli umepata?"

"Bado, mama," nikamwambia, nikaenda kupiga pasi gauni langu.