Mawe ya Kwa Masika

Ujanja wa Mzee Masika ulichekesha harusi zote za upande wa Gando kwa miaka na miaka. Wapima ramani wa enzi ya mkoloni walipokuja kuupima msitu kwa ajili ya kiwanda cha mbao, yeye aliogopa watu wake wakijulikana watahamishwa. Akaezua nyumba, akaficha mbuzi, akang'oa mpaka mawe ya makaburi. "Hapa pana mashetani tu," akamwambia Mzungu. Mzungu akachora miti mitupu, akenda zake. Binti wa Masika, Mwanamize, aliyezaliwa mapema mwaka huo na mama yake akafa kwa uzazi, alikuwa akicheka kuliko wote.

Sasa hacheki. Jabir, mpima wa siku hizi, ametandaza nakala ya ramani hiyo juu ya jamvi la Mwanamize. Kiwanda kimekufa zamani, mivule imekwisha, lakini ramani bado inasema hapa ni msitu, na msitu sasa unatiwa uzio, waliomo watolewe.

"Bi Mwanamize, mikarafuu haitoshi kuwa ushahidi kwamba watu walikaa hapa. Penye makaburi ndipo tunapopaacha. Nionyeshe moja tu."

"Kwani hayo mawe weye huyaoni?" Yalikuwa yamerundikwa kando ya kisima, yameota ukoga.

"Nayaona, bibi. Makaburi yenyewe yako wapi?"

Kiwanda kilipoondoka, magugu yalikuwa yameshameza kila kitu. Mzee Masika hakukumbuka jiwe lipi la nani, na kumwekea maiti jiwe la mwenziwe aliogopa dhambi. Hilo harusini hakulisimulia hata siku moja.

"Mama yangu yumo humu," Mwanamize akasema, akashika panga, akaingia kichakani, Jabir nyuma yake. Alifyeka, akainama, akapapasa udongo. Mficha uchi hazai, wamesema wahenga. Baba yake alizaa, kisha akamficha mama mtu!

"Mama kalala wapi, bibi?" Jabir akauliza kwa upole, kalamu mkononi.

Aseme hajui, apoteze shamba na nyumba? Akasimama mahali asipopajua.

"Hapa."

Jabir akatia alama. Kisha, kwa kuwa alikuwa kijana wa watu, akaweka kalamu chini, akainua mikono na kumsomea marehemu Fatiha. Mwanamize akaitikia amin juu ya ardhi tupu. Ilipofika zamu ya kuwaombea wazee wote waliotangulia, aliwataja mmoja mmoja kwa jina, akamruka baba yake.