Mstari Uliorudiwa

Karani wa shule alinikabidhi orodha iliyopigwa chapa kwenye karatasi moja, akaniambia niiandike ubaoni kama ilivyo. Nimechora vibao kwa miaka saba, vya saluni, vya zahanati, vya maduka ya matairi, na sijawahi kusikia maneno mawili yenye balaa kama hayo. Kama ilivyo.

Shule ilikuwa inatimiza miaka sitini. Kamati iliamua kutundika ukumbini Ubao wa Heshima, mweusi, mrefu kuliko mlango, na juu yake kwa rangi ya dhahabu majina ya waliosoma pale wakaja kujulikana. Majina ishirini na sita. Wanne kati ya hao wana jina moja. Si kufanana nusu nusu. Jina lao, la baba na la babu, herufi kumi na tisa, hakuna hata moja iliyozidi. Wa kwanza alikuwa kipa wa timu ya taifa. Wa pili ni daktari wa mifupa. Wa tatu ni jaji. Wa nne ni baba yangu.

Baba ni fundi saa. Kwa miaka ishirini na miwili mashairi yake yalisomwa redioni kila Ijumaa alasiri, na ukimsomea mpita njia yeyote ubeti wa kwanza wa lile la mke na kinyozi, atakumalizia mwenyewe. Shida ni kwamba mpita njia huyo huyo atakuambia mtunzi ni jaji. Nani asiyemjua jaji? Picha yake iko magazetini. Fundi saa hana picha popote ila kwenye kitambulisho, na hata hiyo ameinamisha kichwa kana kwamba anatafuta skrubu.

Nimekulia katika vurugu la jina hili. Watu wamefika kwetu na miguu iliyofungwa bendeji wakitaka kuonwa haraka. Mama mmoja alilia kibarazani kwetu asubuhi nzima akiombea mwanawe apunguziwe kifungo, na baba, badala ya kumwambia amekosea nyumba, akamtengenezea saa yake bure. Dereva wa teksi alimshusha baba katikati ya barabara kwa sababu ya penalti iliyopita katikati ya miguu ya mtu mwingine. Na baba kila mara husema neno lile lile, kwa upole ule ule wa kumtia mtu wazimu: "Si kitu. Ni somo yangu."

Hivyo ndivyo anavyowaita wote watatu. Somo yangu kipa, somo yangu daktari, somo yangu jaji. Kwake mtu mwenye jina lako ni ndugu, na ndugu hadaiwi jina. Akisikia shairi lake limesifiwa kwenye harusi na sifa zikapelekwa kwa jaji, anatabasamu kama aliyemnunulia mdogo wake shati. Mimi ndiye ninayekosa usingizi.

Sasa rudi kwenye orodha. Karani ni mpenzi wa mpira, kwa hiyo alianza na kipa: jina kamili, na mwaka aliomaliza shule. Alipofika kwa daktari alichoka kupiga chapa, akaweka vile vitone viwili vya kusema kama hapo juu, kisha mwaka. Kwa jaji, vitone viwili na mwaka. Kwa baba yangu, vitone viwili chini ya jina na vitone viwili chini ya mwaka, maana baba na jaji walimaliza pamoja, darasa moja. Miaka ishirini na miwili ya Ijumaa za redio, na mzee wangu amekuwa vitone vinne.

Nilimwendea mwalimu mkuu na karatasi mkononi. Ni mama mwenye heshima zake, na siku zile alikuwa na viti mia tatu vya kukodi na maikrofoni inayokoroma, kwa hiyo alinisikiliza akiwa amesimama. Alitazama orodha, akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya vile vitone vinne. Akasema huyu amerudiwa.

Nikamweleza. Alinielewa, namshukuru kwa hilo. Lakini kunielewa kwake hakukunisaidia chochote. Alisema kanuni ya kamati ni jina na mwaka tu, bila kazi, bila cheo, bila majina ya utani, kwa sababu mbele ya shule wote ni wanafunzi. Sawa. Basi jina moja na mwaka mmoja, vikiandikwa mara mbili, mgeni atasema nini?

"Atasema fundi amekosea," akajijibu mwenyewe. "Na wewe ndiye fundi, kijana wangu. Nakuhurumia wewe."

Nikauliza kwa nini tusiandike kazi zao kwa herufi ndogo chini. Haiwezekani, kanuni. Kwa nini tusiweke namba? Haiwezekani, si wafungwa. Halafu akapata wazo, na uso wake ukang'aa: tumpunguzie baba mwaka mmoja. Aandikwe amemaliza mwaka mmoja kabla. Nani atakayejua?

Nilimwambia kwamba baba atajua. Akaniambia baba mwenyewe alikwisha kumwandikia, tangu kamati ilipoanza kukusanya majina, na akanitolea barua. Mwandiko ni wake, wa herufi ndogo zilizonyooka kama meno ya gurudumu. Iliandikwa: *Mheshimiwa jaji ni somo yangu, naomba asisumbuliwe kwa ajili yangu.* Mwalimu mkuu aliguswa sana. Alidhani baba anasema maisha ya jaji yamekuwa fundisho kwake. Alitaka hata barua isomwe kwenye sherehe kama mfano wa unyenyekevu. Nikashika kichwa.

Nyumbani nilimkuta baba ameinamia saa ya ukutani, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Nilimwambia amefutwa kwa kalamu nyekundu. Akasema si kitu, jina litakuwepo, na jina likiwepo yeye yupo. Nikamwambia litakuwepo la jaji. Akasema herufi ni zile zile. Jamani, unabishana vipi na mtu kama huyu? Ukimsukuma anakupisha.

Mama alikuwa anapiga pasi koti la kijivu, mara ya tatu wiki ile, koti ambalo halikuwa na kunyanzi lolote. Hakuinua macho.

"Kama mume wangu hayumo ubaoni, mimi siendi," alisema. "Siendi kukaa kwenye kiti cha plastiki nimpigie makofi mume asiye wangu."

Baba akaendelea kukaza skrubu. Lakini niliona mkono wake umesimama kidogo, kidogo tu, kama saa inayofikiria kama iendelee. Kwa hiyo alijali. Miaka yote hiyo ya si kitu, si kitu, na alijali.

Ijumaa nilichora. Nilinyoosha uzi uliopakwa chaki kutoka ukingo hadi ukingo, nikaufyatua, tena na tena, ukaacha mistari ishirini na sita. Nilihesabu mara mbili, kwa sababu orodha ya mwalimu mkuu sasa ilikuwa na watu ishirini na tano. Niliegemeza mkono kwenye fimbo ya mchoraji ili usiyumbe, na kwenda herufi kwa herufi. Mchora kibao ana kitu kimoja cha kujivunia: kwamba hakosei. Bango la muziki likikosewa, bendi inacheka. Kibao cha duka la dawa kikikosewa, mchoraji hapati kazi nyingine mtaani. Na mimi nilikuwa ninaandika, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa rangi isiyofutika, kitu ambacho kila mwenye macho angekiona kuwa ni kosa langu.

Nikamaliza mstari wa jaji. Nikachovya brashi. Chini yake nikaandika jina lile lile, mwaka ule ule. Niliyapanga mawili yale sawasawa mpaka ungedhani la chini ni kivuli cha la juu. Kama nitaitwa mjinga, nilijiambia, basi niwe mjinga mwenye mkono ulionyooka.

Jumamosi saa mbili asubuhi mwalimu mkuu alifunua kitambaa kukagua, akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokipapasa. Aliniambia nimemfedhehesha, na kwamba wageni wako getini, na kwamba Jumatatu mstari ule utapakwa rangi nyeusi, nisipoupaka mimi ataupaka mlinzi. Nilikwenda kumwambia mama avae.

Basi wakaanza. Mtu wa kwanza kunishika bega alikuwa mwalimu wa hesabu: fundi, kuna mstari umerudiwa. Nikamwambia najua. Wa pili mpishi wa shule. Wa tatu alikuwa mgeni nisiyemjua, aliyenipa pole, akasema hata yeye macho yalianza hivyo hivyo. Mwingine alinishauri ninywe chai kabla ya kazi. Kufikia wimbo wa shule nilikuwa nimehesabu kumi na mmoja. Mjumbe mmoja wa kamati, mfanyabiashara wa vigae, alisema kwa sauti ya kutosha safu mbili kusikia kwamba hivi ndivyo inavyokuwa ukimpa kazi mtoto kwa sababu baba yake alisoma hapa. Mama alikuwa kando yangu, amekaa wima, akitazama mstari wa chini tu, kama mtu anayetazama mtoto wake jukwaani.

Kipa alikuwa ametuma salamu. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Jaji alikuja, mrefu, mkavu, na fimbo yenye kichwa cha fedha. Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa mtunzi wetu mpendwa wa redioni atatupa beti mbili, akalitaja jina, na akanyoosha mkono kumwelekea jaji. Ukumbi ukapiga makofi. Baba, safu ya saba, naye akapiga makofi.

Jaji hakwenda kwenye maikrofoni. Alikwenda kwenye ubao, akavaa miwani, akasoma kwa muda mrefu.

"Fundi yuko wapi?"

Nikasimama. Kucha zangu zilikuwa bado na dhahabu.

"Umeniandika mara mbili."

"Hapana, Mheshimiwa. Wewe nimekuandika mara moja. La chini si lako."

"La nani?"

"La mwenye mashairi unayopigiwa makofi."

Mwalimu mkuu alifumba macho. Nilingoja radi. Jaji alivua miwani, na nilichokiona usoni mwake hakikuwa hasira ya mtu aliyeumbuliwa. Ilikuwa hasira ya mtu aliyechoka, kama yangu.

Akauambia ukumbi kwamba yeye hajui hata kupanga vina. Kwamba amewaandikia watu wa redio mara tatu kusema mashairi si yake, na mara zote tatu wamemjibu wakimshukuru kwa moyo wa unyenyekevu na kumwomba atunge moja juu ya unyenyekevu huo. Kwamba mawakili humnukulia beti mahakamani wakimpaka mafuta, na akiwakataza wanadhani wamekosea mizani, wanarudia polepole. Kwamba binti yake aliposwa na kijana aliyekuja na shairi la jaji mwenyewe, na alipolikana, posa nusura ivunjike. Watu walicheka hadi viti vya kukodi vikalia. Yeye hakucheka.

"Huyo mtu yuko hai?" akaniuliza. "Maana nina maneno naye."

Baba akasimama. Koti la kijivu lilikuwa limenyooka kama karatasi mpya. Alitembea hadi mbele, wakatazamana, mmoja mrefu mmoja mfupi, na ilichukua muda kabla ya jaji kuiona ndani ya ule uso sura ya mtoto aliyekaa naye dawati moja.

"Somo," alisema jaji.

"Somo," alisema baba.

Wakashikana mikono, hawakuachiana. Mwalimu mkuu alipangusa macho. Hata yule wa vigae alisimama kupiga makofi, na mama akafungua mkoba wake akaanza kutafuta kitu ambacho hakikuwemo. Nami, kwa mara ya kwanza wiki ile, nilivuta pumzi hadi mwisho.

Hapo baba akageukia ubao. Akanyanyua kile kioo chake, ambacho sikujua amekuja nacho, akakagua mstari wa juu, kisha wa chini.

"La chini ndilo langu?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Nani kapanga hivyo?"

Nikasema orodha ilikuja hivyo.

"Orodha haikusoma na sisi," alisema baba, na sauti yake sikuijua. "Kwenye daftari la mwalimu, jina letu lilipogongana, mimi nilikuwa wa Kwanza. Huyu alihamia muhula wa pili, ndipo akaitwa wa Pili."

"Muhula wa kwanza," alisema jaji. "Wiki ya tatu."

"Muhula wa pili. Ulikuja na mvua, na sanduku la bati lisilo na mpini."

"Sanduku lilikuwa na mpini. Na wa Kwanza nilikuwa mimi, kwa sababu ya urefu."

"Mashairi nimekuachia miaka ishirini na miwili, somo. Sikusema neno. Hili sikuachii."

Mshereheshaji alikohoa kwenye maikrofoni, nayo ikakoroma. Mwalimu mkuu alinitazama kama mimi ndiye ninayeweza kuwatenganisha. Nikaenda mbele. Nilimwambia baba, taratibu, kwamba hakuna haja ya kubishana, hakuna cha kuhamisha wala kufuta. Mistari ile miwili ni sawa, herufi kwa herufi, nafasi kwa nafasi, hata mimi niliyeichora siwezi kuitofautisha.

"Najua iko sawa," alisema, hakunitazama. "La juu ni langu."