Samaki wa Bwawa la Ibrahimu

Shangazi yangu Euphrasie alirudi Brussels kutoka Urfa, mji wa Uturuki wenye bwawa la Nabii Ibrahimu. Alituletea pilipili nyeusi ya huko, pamoja na onyo la wenyeji: samaki wa bwawa hilo ni watakatifu, na anayewala hupofuka.

Jioni ambayo Ubelgiji ilicheza na Brazili katika robo fainali ya Kombe la Dunia, wageni, Wakongo wenzetu, walijaa sebuleni kwetu, mtaa wa Jette. Shangazi akaleta samaki watano waliopakwa pilipili ile, akarudi jikoni. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya bweni, baada ya mwaka mzima wa viazi vya kuchemsha. Niliona ni wajibu wangu kuwaokoa wageni.

"Tonton Bienaimé," nilimnong'oneza shemasi wetu, ambaye watoto wote tunamwita mjomba, "hawa samaki Tantine Euphrasie aliwavua kule bwawani, akawaleta ndani ya valizi yake ya safari."

"Ya Ibrahimu? Ee Yezu!"

Alirudisha sahani mezani. Habari ikazunguka, mikono yote ikahamia kwenye mkate. Kwa huzuni kubwa, nikawala wote watano, kisha nikakalia kiti cha mbele kabisa kusubiri mpira.

Shangazi aliporudi, aliona miiba mitupu, akaelezwa. Hakukasirika hata kidogo.

"Bon. Mutoto alikula yote cinq?"

"Yote tano, maman," alijibu Tonton.

"Donc, basi, ni kipofu. Masikini!"

Akanifunga kitambaa machoni. Tonton akaniongoza kwa mkono, taratibu, kwa heshima ya mazishi, hadi jikoni kwenye masufuria machafu ya kuosha.

Nasikia Ubelgiji ilishinda.