Kipande cha Kurudi

"Lakini saa tatu na nusu imeshapita, binti," mzee akasema, akiinua fimbo yake kuelekea saa kubwa ya stesheni. "Tazama mwenyewe."

Janice Hirst hakuhitaji kutazama. Miaka kumi na tisa amesimama chini ya saa ile, kwenye mageti ya tiketi ya Hebbleford, akifuta jicho la mashine kwa kitambaa na kubandua chingamu ambazo watoto wa shule huzisokomeza kwenye tundu la tiketi. Ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na tano. Treni ya Leeds ilikuwa imesimama pale pale, hatua ishirini nyuma ya geti, milango wazi.

Tiketi ya mzee ilikuwa ile ya bei nafuu, isiyoruhusiwa kabla ya saa tatu na nusu, mpaka watu wa ofisini wawe wameshapita. Na mzee alilijua hilo. Alifika saa tatu kasorobo, akaketi kwenye benchi la chuma na bati la biskuti mapajani, akaungoja mshale. Ulipofika kwenye nusu hakuinuka. Aliongeza dakika tano nzima, asije akaonekana mtu wa pupa. Ndivyo walivyo watu wa rika lake huku kwetu. Wataganda kwa baridi kuliko kuonekana wamejipenyeza.

"Imepita, mzee wangu," Janice akasema. "Ila hii ni treni ya saa tatu na dakika ishirini na sita. Imechelewa."

"Si ndiyo bahati yangu!"

"Kinachohesabiwa ni saa iliyoandikwa kwenye ratiba. Siyo saa inayoondoka."

Mzee akalifikiria neno hilo. "Yaani wao ndio wamechelewa, halafu mimi ndiye niliyewahi?"

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Janice hakucheka. Pembeni yake alisimama Bwana Lomax, mkaguzi kutoka makao makuu, na kikombe chake cha kahawa na marashi yaliyomtia Janice kichefuchefu tangu alfajiri. Lomax alikuja kumchunguza yeye. Janice alikuwa na barua mbili za onyo kwa kosa la kufungulia watu geti kwa huruma, na ya tatu isingekuwa onyo tena. Mtu wa miaka hamsini na tisa akifukuzwa kazi Hebbleford, basi anaenda kukaa dirishani na kuhesabu magari.

"Ni dada yangu, Edna," mzee akasema, sasa kwa sauti ya chini, kana kwamba anaomba ruhusa ya kwenda chooni. "Yuko Leeds, kwenye ile nyumba ya wagonjwa wasiopona. Nesi alipiga simu jana, treni zimeshakwisha. Kaniambia njoo asubuhi, Hedley, usikawie." Akalinyanyua bati kidogo. "Biskuti za tangawizi. Hawezi kula tena, lakini anapenda kuzinusa."

"Bwana Lomax," Janice akasema. "Ana mgonjwa mahututi."

"Pole yake sana." Lomax hakuinua macho. "Leo tukimpitisha mwenye mgonjwa, kesho foleni nzima itakuwa na wagonjwa. Alipe tofauti ya nauli, au angoje inayofuata. Ni saa moja tu, Janice."

Mzee Hedley akatoa kipochi, akakichungulia, akakifunga. Kadi ya kufungulia geti ilining'inia shingoni mwa Janice. Kuigusisha tu, geti lingefunguka, na mzee angekuwa ameketi kwenye kiti kabla Lomax hajameza kahawa iliyokuwa mdomoni mwake. Aliishika. Ilikuwa ya moto kwa joto la kifua chake.

Akaiachia.

"Inayofuata ni saa nne na dakika ishirini na sita," akasema.

"Samahani, binti," mzee akasema. "Nimekuletea matatizo kazini."

Akarudi kwenye benchi lake. Hiyo samahani ndiyo iliyomchafua Janice roho. Angetukana, angepiga geti kwa fimbo, angemwita mbwa wa kampuni, wangekuwa sawa sawa. Lakini aliomba radhi, na kwa moyo safi, na Janice akahisi kama amelambwa usoni na kitu chenye ute.

Treni iliondoka saa tatu na dakika arobaini na moja, nusu tupu. Hapo ndipo alipokumbuka kuwa kadi yake ya benki ilikuwa mfukoni muda wote. Angeweza kumlipia. Wala wazo hilo halikumjia akilini. Alikuwa ameshughulika na woga wake.

"Umefanya vizuri," Lomax akasema. "Nitaliandika."

Janice akaenda chooni akanawa mikono. Akainusa, akanawa tena.

Lomax aliondoka mchana, akaacha kikombe chake juu ya geti namba mbili. Mzee Hedley alirudi kwa treni ya saa tisa. Alikuja mbio mbio kwa namna anayoweza mtu mwenye fimbo, bati bado kwapani, na akauliza kabla ya salamu:

"Nimewahi? Nilisikia jioni nako kuna saa zao za kuikataza tiketi hii."

"Edna vipi?" Janice akauliza.

"Saa tano kamili, nesi kasema. Mimi nilikuwa nimebakiza vituo viwili." Akakohoa. "Mkono ulikuwa na joto bado. Wamenipa kiti, wakaniambia kaa naye utakavyo, hata mpaka usiku. Nilitaka, binti. Sisi tulizaliwa wawili tu. Lakini nikaziogopa hizo saa za jioni. Nisije nikakwama kule nikawasumbua watu."

Kwenye njia ile hapakuwa na katazo lolote la jioni. Halijawahi kuwapo. Angekaa na dada yake mpaka treni ya mwisho, na hakuna ambaye angemgusa. Janice akafungua mdomo ili amwambie. Akaitazama ile sura iliyochoka, inayosubiri kusikia kama imetii.

"Umefanya vizuri, mzee wangu," akasema. Yalikuwa maneno ya Lomax yale yale, na alitamani ayateme sakafuni.

Mzee akashukuru. Akaingiza kipande cha kurudi cha tiketi yake kwenye tundu. Mashine ikakimeza, kama inavyomeza kila tiketi iliyomaliza safari, na geti likafunguka.

Hakupita. Alisimama na kiganja wazi mbele ya tundu, akingoja arudishiwe kipande chake, na nyuma yake foleni ikasimama.