Mume wa Kuazima

"Ugonjwa wa zinaa hutibiwi bila mume," muuguzi alikuwa amemwambia Nerima, na huku tumbo linamkata. Mume angemtoa wapi, yeye Mkenya anayejiuza ugenini, mtaani Kabalagala? Akafanya kama wenzake wote: akamwazima Wandera wa bodaboda, akampigia shati pasi, wakaenda.

Muuguzi alimkazia Wandera macho mpaka Nerima akashindwa kutulia kwenye benchi.

"Wewe si ndiye mume wa Hortense, yule Mkongo wa juzi?"

Nerima alitaka kusema ukweli, lakini ukweli kwa mwanamke wa kazi yake ni selo, kisha kurudishwa mpakani.

"Ndio nyinyi mnaoambukiza wanawake," muuguzi akafoka, akamwita polisi aliyekuwa zamu getini.

Polisi akaingia akiweka mkanda sawa. Nerima akainamisha uso. Huyu ndiye aliyemkamata barabarani mwezi jana, akamlazimisha kulala naye ndani ya gari la polisi, kisha akamwachia. Maumivu yalianzia hapo.

"Haya, nyabo, bibi yangu," polisi akamwambia kwa upole, "usiogope. Tuonyeshe aliyekuambukiza."