Mashine Iliyokosa Kiti

Usiku wa jana niliota mashine yangu imevaa koti, imesimama mlangoni mwa karakana, na begi la safari liko miguuni pake.

Ni mashine ndogo ya kuchonga vyuma, ya kukatia meno ya gia. Niliileta hapa Tabora ili mafundi wenzangu waache kuharibu vyuma kwa tupa na kusema huo ni ufundi. Ndogo, lakini wanaume wanne waliishusha wakitukana. Tangu ifike imekaa juu ya meza ya mninga ya marehemu mama mkwe, ambayo niliihamisha kutoka sebuleni mke wangu akiwa sokoni. Mashine ikinguruma, meza inacheza, kisu kinaruka, gia inaharibika. Kwa hiyo nilikuwa nimeamua: nikiamka tu, naitoboa meza matundu manne, naifunga mashine kwa bolti, kazi imekwisha. Mke wangu Kalunde alisema meza irudi nyumbani nzima kabla ya arobaini ya mama yake. Nilimwambia mbao ni mbao.

"Unakwenda wapi?" naiuliza mashine.

"Narudi nilikotoka. Tangu nije kwako hujanipa kiti."

"Umekaa juu ya meza."

"Juu ya meza hukaa sahani. Na kwenu nasikia mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Mimi ulinipa siku ile ile, nikiwa nimesimama."

Ilikuwa kweli, nami sipendi kuambiwa ukweli na kitu nilichokinunua mwenyewe. Basi nikatangaza kwamba natafuta stendi, kiti cha mashine, na stendi zikaja.

Ya kwanza ni kazi ya jirani yangu Lutonja, mtu anayeamini kwamba kilichopakwa rangi kimekamilika. Ni ya bomba jembamba, ya kijani, na ina magurudumu. Magurudumu! Mashine ya kuchonga chuma, si toroli ya miwa.

"Hujambo, fundi," inasema, na papo hapo inaanza kuteleza kuelekea barabarani.

"Una breki?"

"Nina rangi!" inajibu kwa mbali. Hatukuiona tena.

Linakuja pipa la mafuta, limetanua kifua. Linasema limejaa zege mpaka shingoni. Naligonga kwa nyundo. Linalia ngoo, mpaka kuku wanakimbia.

"Zege liko njiani," linasema.

Nikalionyesha mlango. Debe tupu haliachi kuvuma, na pipa ni debe lililokula likashiba sifa.

"Na mimi?" inauliza sauti ya chini. Ni kandambili ya Kalunde, ile niliyoikata nikaibana chini ya mguu wa meza ili isiyumbe.

"Wewe ni nusu."

"Nusu yangu ya pili iko chini ya mguu mwingine. Mwenyewe anatembea peku. Nimeona niseme."

Nilitaka kuijibu, lakini karakana ilikuwa imekwisha kuwa behewa la treni, na treni ilikuwa inakwenda. Vifaa vyangu vinaning'inia vikigongana. Pima maji yangu inapita katikati ya viti ikikagua. Ndani ya kioo chake kile kiputo cha hewa, ambacho husimama katikati kitu kikiwa kimelala sawa, kimevaa kofia ya mkaguzi, na kimeegemea upande mmoja kwa dharau.

"Kwa nini tuko kwenye treni?" nauliza.

"Kinachotulia humu kitatulia popote," kinasema kiputo. "Sikiliza sheria. Stendi iwe nzito kuliko inachobeba. Isitikisike. Urefu wake ufike kwenye kiwiko cha mwenye mashine. Na ifungwe. Umeleta nini?"

"Meza ya mninga."

Kiputo kinageuka kuitazama. Meza imevaa soksi miguu yote minne. Halafu si meza tena. Ni mama mkwe, amekaa dirishani na kanga zake mbili, na futi ya kupimia nguo inaning'inia shingoni kama enzi alipokuwa mshonaji. Nikachuchumaa haraka nikatazama sakafu, kama inavyompasa mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimesikia natobolewa."

"Si wewe, mama. Ni meza."

"Juu ya meza ile nimekatia nguo za harusi za mji huu. Kalunde amejifunza kusimama kwa kuishika. Leo imekuwa nini?"

"Mbao, mama," nikasema. Nikaona halitoshi, nikaongeza: "Mbao nzuri."

Niliona haya. Halafu nikakasirika kwa sababu nimeona haya.

"Mashine hii anaitaka nani?" akauliza mama mkwe. "Mimi?"

"Mimi, mama."

"Mkaguzi, anayekitaka kitu si ndiye akibebe?"

Kiputo kikateleza polepole kikasimama katikati kabisa. Miaka yote niliyokimiliki, hakijawahi kusimama katikati.

"Sawa," kikasema. "Apige magoti. Mikono chini."

Napiga magoti. Nimesoma mpaka chuo cha ufundi, na sasa nimekuwa fanicha.

"Urefu?" anauliza mama mkwe.

"Viwiko vyake viko naye. Umetimia."

"Uzito?"

"Mama unamjua zaidi."

"Kichwa chake peke yake kinatosha," anasema mama mkwe. "Neno halijawahi kukisogeza."

Mashine inavua koti, inalikunja, inanipanda mgongoni. Inashusha pumzi ndefu. "Hiki sasa ni kiti," inasema.

Kilichobaki ni kufungwa. Mama mkwe anatoa kipande cha chaki ya bluu kwenye pindo la kanga. Ananyanyua shati langu kwa heshima zote, na nasikia chaki ikipita: mahali pa kwanza, pa pili, pa tatu, pa nne.

"Mama, itauma?"

"Hii ni kupima tu. Watu hupima kwanza."

Drili inaanza kulia.

"Mama, huu ni mgongo wangu!"

"Mgongo ni mgongo, baba," anasema mama mkwe bila kupandisha sauti. "Migongo mbona iko mingi."

Nikaamka nikiwa nimelala kifudifudi. Jua limeshaingia chumbani. Kalunde alikuwa amesimama juu yangu na kikombe cha chai.

"Baba Kaseko, nani amekuchora mgongoni?"

Nilimwambia aache utani asubuhi. Akapitisha kidole, akanionyesha. Vumbi la bluu. Alama ziko nne, akasema, kila moja mstari mfupi wenye vikato viwili, kimoja kila ncha. Moja imekwenda upande kidogo. Kwa kawaida ningesema neno juu ya mtu anayepima bila rula.

"Hivi ndivyo mama alivyokuwa akiweka alama za matundu ya vifungo," akasema Kalunde. Akakiweka kikombe chini, akaketi kitandani, akalia. Siku ya mazishi alipika na kupokea wageni, hakutoa hata chozi.

Nikatoka bila shati, nikawaita wale wanaume wanne waishushe mashine chini kwenye gunia, kisha nikamwita Lutonja tuibebe meza irudi nyumbani. Alicheka njia nzima, akiniuliza nimeshonwa wapi. Nilimwacha acheke. Kalunde alikuwa ameniomba nisioge kwanza.