Redio ya Bashi Mwenya

Saa nane mchana, Jumapili ile, binti yangu Mwenya alikuwa asome habari redioni kwa mara ya kwanza maishani mwake, na saa saba na nusu redio yangu ilikuwa bado bubu.

Nasema redio yangu kwa sababu niliiunda mwenyewe, hapa Kitwe, kwenye meza ya varandani: kipande cha bomba la plastiki, waya wa shaba nilioutoa kwenye mota iliyoungua, transista mbili na spika za masikioni za zamani. Redio ya dukani ipo sebuleni, ni ya mke wangu. Lakini siku Mwenya alipopata kazi kwenye kituo cha masafa mafupi kule Lusaka, niliapa mbele ya watu kwamba sauti yake ya kwanza nitaisikia kwenye kitu cha mikono yangu. Kiapo cha kipumbavu. Niliapa nikiwa na furaha, na mtu mwenye furaha hapaswi kupewa nafasi ya kusema.

Wiki nzima redio ile ilinitesa. Nilibadili transista zote mbili. Nilinunua betri mpya. Jumatano nilipanda paani kuinua waya wa antena nikateguka kidole, nikashuka na matusi yangu, nikavaa spika, nikasikia kelele ya mvua tu. Miaka thelathini nimekuwa fundi umeme mgodini, na kibomba cha plastiki kinanifanya mjinga!

Koili tu, ule waya uliosokotwa kwenye bomba, ndiyo sikuigusa. Koili kubwa hushika mawimbi, na chini yake kuna ndogo inayorudisha nguvu nyuma ili sauti ikue. Nimesokota koili za namna hiyo tangu Mwenya hajazaliwa. Ningezikagua ya nini?

Jumamosi wenzangu wanne wa kuunda redio walikuja varandani kama kawaida, kila mtu na mashine yake. Sheria yetu ni moja, na niliiweka mimi: ukiona kosa kwenye redio ya mwenzio, huligusi wala hulisemi, mpaka mwenyewe atamke kwamba ameshindwa. Kulitafuta kosa ndio utamu wenyewe. Mwaka jana jirani yangu Jere alimwonyesha mmoja wetu waya uliolegea. Nilimfokea mbele ya wote mpaka akaondoka, munkoyo wake, ile togwa yetu ya mizizi, haujafika nusu kikombe.

Huyo Jere ni Mngoni wa Chipata, mtani wangu mimi Mbemba. Mdomo wake haujapumzika tangu nimjue. Jumamosi ile aliinamia meza yangu, akaitazama redio kwa muda mrefu.

"Mh," akasema.

"Mh nini?"

"Mh tu."

"Sema basi, mla panya wewe."

"Umeshindwa?"

"Nani kashindwa? Mbemba ashindwe na bomba?"

"Haya, mla nyani. Mimi nakunywa zangu munkoyo."

Akaenda kukaa. Nilimchukia siku nzima kwa ile mh yake.

Basi Jumapili, saa nane kasoro dakika tano, mke wangu akasimama mlangoni, akaniita baba Mwenya kwa Kibemba chetu.

"Bashi Mwenya, njoo ndani. Mtoto anaanza."

"Nasikiliza hapa."

"Unasikiliza nini hapo? Ni robo saa tu, baba. Hiyo mashine utaitengeneza kesho."

"Funga mlango, Bana Mwenya. Sitaki kumsikia kwenye redio yako kabla hajaingia kwenye yangu."

Alinitazama kama unavyomtazama mgonjwa, kisha akaufunga. Majirani wote walikuwa wameweka redio madirishani. Nikazibana spika masikioni kwa mikono miwili nisisikie chochote cha mtaani.

Saa nane ikafika. Mvua. Nikazungusha kitufe polepole, nikarudi, nikazungusha tena. Mvua. Saa nane na dakika tano nilipiga teke stuli ikaangukia maua ya mke wangu. Jasho liliniingia machoni. Nilitaka kulia, nasema kweli. Kinywa changu kilijaa lile neno, nimeshindwa, na Jere alikuwa nyumba ya pili tu. Ningeita mara moja angekuja mbio. Nikalimeza.

Saa nane na dakika kumi na tatu ndipo nilipoliangalia bomba kwa hasira, na hasira ikaniisha ghafla. Nilipokuwa natoboa matundu nilikuwa nimelipindua, juu chini. Koili ndogo nikaisokota kinyume na kubwa! Wiki nzima ilikuwa inaiua sauti badala ya kuikuza. Nikazing'oa ncha zake mbili, nikazibadilisha, nikazisokota upya.

Mluzi. Kisha mtu, wazi kabisa, kama ameketi mezani kwangu: "Huyo alikuwa Mwenya na habari. Sasa tupate matangazo."

Nilizitoa spika nikazining'iniza shingoni. Mtaani wanawake walikuwa wanapiga vigelegele. Jere aliingia getini anacheka, akaniona uso, akaacha kucheka.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Tangu jana."

"Na hukusema!"

"Ulisema hujashindwa, ba mtani."

Simu ikalia mfukoni.

"Tata!" Alikuwa anahema. "Mwanzoni niliogopa mpaka karatasi ikawa inapiga kelele mkononi. Ikabidi nijiambie, namsomea Tata peke yake, amekaa varandani na spika zake. Ndipo sauti ikatulia. Ulisikia pale ilipotulia?"

Ningeweza kumdanganya. Jere alikuwa ananitazama, labda alitaka nimdanganye.

"Sikusikia, mama."

"Pale mwanzoni?"

"Popote. Sikusikia hata neno."

"Redio ya Mama iliharibika?"

"Haikuharibika."

Shingoni mwangu mtu alikuwa anatangaza bei ya mbolea, kwa sauti safi isiyo na mkwaruzo hata mmoja.

"Hiyo ninayoisikia hapo ni nini?"

"Ndiyo yenyewe. Imeshika sasa hivi."

"Hongera, Tata," akasema, na simu ikakatika.